Kuna aliyerudi kwenye skii baada ya upasuaji wa mguu, na mifupa imepungua uzito?

#1 TelezaPolepole

Habari za jioni wadau. Najua kichwa cha uzi kitawachekesha wengi wenu. Chekeni kwanza halafu mnisaidie.

Nina miaka 57, naishi Lang'ata. Nilifanya kazi Geneva miaka mingi na huko ndiko nilikojifunzia kuskii, nikiwa mtu mzima mwenye woga wake. Tangu nirudi nyumbani, kila mwaka mwezi wa pili naenda kukutana na marafiki wa kule kwa wiki moja mlimani. Ndiyo anasa yangu. Wengine wananunua ploti Kitengela.

Msimu uliopita nilianguka kwenye njia ya buluu, ile ya mteremko mpole. Hakukuwa na mbio wala ushujaa. Mwanga wa alasiri ulikuwa umefifia, ubao mmoja ukanasa kwenye theluji nzito, goti la kushoto likapokea uzito wote. Sehemu ya juu ya muundi, pale unapokutana na goti, ikapasuka na kubonyea. Nikapasuliwa kulekule, nikawekewa plati na skrubu, nikarudi Nairobi na magongo mawili na sindano za kuzuia damu kuganda safarini.

Daktari wa mifupa hapa nyumbani alipoziona picha hakuongea sana juu ya goti. Aliniuliza mamangu ana umri gani na kama amepungua urefu. (Mama amepita themanini, na ndiyo, amepinda mgongo. Sisi tulisema ni uzee na jembe.) Akanipeleka kwenye kipimo cha uzito wa mifupa, kinaitwa DXA. Majibu: nyonga -2.1, uti wa mgongo -2.8. Kwa wasiojua, mifupa yako inalinganishwa na ya kijana mwenye afya. Kati ya -1 na -2.5 inaitwa osteopenia, na kuanzia -2.5 kwenda chini ni osteoporosisi yenyewe.

Sasa goti linakunja vizuri, natembea bila fimbo, naendesha gari. Daktari anasema mfupa umeunga. Nilipomuuliza habari ya kuskii alicheka, akasema nijaribu gofu. Dada yangu hataki hata kusikia. Watoto wananitumia video za watu wakibebwa na helikopta.

Sitafuti mtu wa kunipa ruhusa. Nataka kujua kama kuna yeyote hapa aliyerudi kwenye mchezo wa mbio au wa mteremko akiwa na mifupa ya aina hii, na alipima nini kabla ya kurudi. Na kama kuna anayejua vifaa vya skii kwa mtu wa hali yangu, karibu.

#2 Kijana_wa_Rongai

Mama, theluji ya Rongai iko ndani ya friza ya bucha. Tupatane hapo saa kumi 😂

Ugua pole lakini. Hiyo "ikapasuka na kubonyea" imenifanya nikae chini.

#3 KaruraAlfajiri

Pole sana dada. Maswali machache kabla watu hawajaanza kutoa hukumu. Chuma bado kimo ndani? Goti linavimba ukishuka ngazi? Hedhi ilikoma ukiwa na umri gani? Umeanza dawa yoyote ya mifupa?

#4 TelezaPolepole

@KaruraAlfajiri chuma bado kimo. Kupanda ngazi sina shida, kushuka ghorofa kadhaa jioni naona uvimbe kidogo. Hedhi ilikoma mapema, kabla ya 45, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hilo lina uhusiano na mifupa. Vitamini D imetoka chini sana. Mtu unaishi karibu na mstari wa ikweta halafu unaambiwa umekosa jua! Ofisini asubuhi hadi jioni, ndani ya gari, nyumbani.

Dawa bado. Daktari anataka kunipa dripu ya mara moja kwa mwaka, ila amesema vitamini D ipande kwanza.

#5 FizioMtaani

Dada TelezaPolepole, nitakwambia ninavyowaambia wagonjwa wangu. Kazi yangu ni viungo na misuli, habari ya dawa nawaachia wenyewe.

Una maswali mawili na watu wanayachanganya. La kwanza ni goti, na kalenda peke yake hailijibu. Waliovunjika pale huchukua nusu mwaka hadi mwaka mzima au zaidi kabla ya kufikiria theluji, lakini nimeona mtu wa mwaka na nusu ambaye bado mguu wake ni mwembamba na hajijui. Pima mguu kwa mguu. Ule ulioumia uwe umefika angalau asilimia 90 ya nguvu za mwenzake kwenye mashine ya kusukuma uzito kwa mguu mmoja. Ushuke kidato kirefu polepole, goti lisiingie ndani, nyonga isianguke upande. Uvimbe wa jioni uishe kabisa. Kipimo cha kuruka kwa mguu mmoja wanachopewa vijana wa mpira sitakupa mwanzoni, sababu naieleza hapo chini.

Kuskii kunataka kazi ambayo sisi wa Nairobi hatuifanyi: paja linabeba mwili huku goti limekunjwa, dakika baada ya dakika, likizuia badala ya kusukuma. Kwa hiyo kushuka ndiko mazoezi yenyewe. Ukiwa mjini panda na lifti, shuka na ngazi. Ngong Hills watu wanajisifia kupanda, wewe nenda kwa ajili ya kuteremka, polepole, na fimbo mbili mkononi.

Kumbuka pia kwamba mguu uliokaa wiki nyingi bila kukanyagwa hupoteza mfupa. DXA yako ilipima nyonga na mgongo, haikupima muundi. Eneo lililo karibu na plati linaweza kuwa jepesi kuliko karatasi inavyosema, na hurudi taratibu mno.

Swali la pili ndilo linaloninyima raha. Kila mtu anatazama goti kwa sababu lina kovu, na namba mbaya iko mgongoni. Ukianguka kwa makalio kwenye theluji ngumu, goti lenye chuma litasalimika na pingili ya mgongo ndiyo itakayobonyea. Ulipigwa eksirei ya mgongo, ile ya kutoka ubavuni? Pingili nyingi hubonyea kimyakimya, mtu anadhani ni mgongo wa kukaa ofisini. Mimi ningetaka kuiona picha hiyo kabla ya kuongea habari ya theluji au ya kuruka.

#6 MzeeWaNgong

Nimesoma yote. Dada yangu, mimi nina miaka sabini na kidogo na nitasema wazi: acha.

Jirani yangu alianguka bafuni tu, nyonga ikavunjika, na tangu hapo ni mtu wa kiti. Bafuni! Wewe unataka kujirusha kutoka mlimani kwa kupenda. Hata ukiwa hodari, huwezi kumzuia kijana anayetoka nyuma yako kwa kasi na hajui kusimama. Hilo halina zoezi wala ngazi. Tembea Karura, hewa ni nzuri na miti hairuki kukugonga.

#7 TelezaPolepole

Mzee wangu, heshima zako. Pole kwa jirani.

Lakini umesema mwenyewe, alianguka bafuni. Mimi navuka barabara ya Lang'ata kila siku na bodaboda zinapita kila upande, hata kwenye njia ya miguu. Hakuna anayenitumia video za hiyo. Na miezi niliyokaa kitini nikiogopa kila kigae chenye maji, nilizidi kuwa dhaifu.

Hiyo ya kugongwa na wengine, nakubali, ndiyo hoja inayonipata. Sina jibu lake zaidi ya kuchagua saa na njia zenye watu wachache.

@FizioMtaani eksirei ya mgongo sikupigwa. Naenda kuomba.

#8 Nyar_Omena

Mimi sijawahi kuona theluji ila mifupa yangu na yako ni ndugu. Nilivunjika kifundo cha mkono kwa kuteleza sokoni, nikapimwa, nikaanza kidonge cha alendronate cha miligramu 70, mara moja kwa wiki.

Kile kidonge kina masharti kuliko mganga. Unakimeza asubuhi tumbo likiwa tupu, na maji matupu glasi nzima, kisha nusu saa hakuna chai, hakuna kulala, umesimama au umekaa wima. Ukikimeza na chai ya maziwa ni sawa na kukitupa, hakiingii mwilini. Ukilala kinaunguza koo. Mimi nimekiweka Jumapili kabla ya kanisa.

Kabla ya kuanza, nenda kwa daktari wa meno. Kung'oa jino ukiwa kwenye dawa hizi kunaweza, ingawa ni nadra, kuleta shida ya taya kutopona. Malizia kazi ya meno kwanza.

Na chakula jamani. Mwanamke wa zaidi ya hamsini anahitaji kalisi kama miligramu 1,200 kwa siku. Kikombe kikubwa cha maziwa au mala ni kama 300. Uji wa wimbi ni hazina ambayo watu wa mjini wanaidharau, gramu 100 za unga wake zina zaidi ya 300. Omena unaitafuna na mifupa yake, kwa hiyo usikate vichwa ukatupa. Sukuma wiki ni nzuri. Spinachi mnayoisifu mtaani ina kalisi lakini mwili unaipata kidogo tu.

#9 DawaBaridi_Thika

Naongezea kwa Nyar_Omena, niko nyuma ya kaunta ya dawa.

Vidonge vya kalisi visimezwe pamoja na alendronate, viache viende na chakula baadaye siku hiyo. Dripu ya mwaka mara nyingi huleta homa na maumivu ya mwili siku moja au mbili baada ya ile ya kwanza. Kunywa maji ya kutosha, na figo zipimwe kabla. Sababu ya daktari kusubiri vitamini D ni kwamba dripu ikiingia ilhali iko chini, kalisi ya damu inaweza kushuka ghafla.

Kuna sindano nyingine ya kila miezi sita, denosumab. Ni nzuri, ila ukianza usiichezee. Ukichelewa au ukiacha bila kuingizwa dawa nyingine, mfupa uliojengwa huporomoka haraka na pingili zinaweza kuvunjika kadhaa kwa mpigo. Nimeona watu wanaianza kwa fedha za harambee halafu zinaisha. Afadhali kuuliza mapema utailipia vipi.

Na kwa mtu wa mazoezi: ukiwa kwenye dawa hizi miaka mingi, maumivu butu ya paja au kinena yasiyoisha usiyaite uchovu wa misuli. Mara chache sana fupa la paja hupata ufa usio wa kawaida, na huanza hivyo. Eksirei ni ya miguu yote miwili.

#10 Kijana_wa_Rongai

Sasa nimeacha mzaha. Mamangu ametumia prednisolone miaka kwa ajili ya baridi yabisi. Hiyo nayo inakula mifupa? Na dada yangu anatumia sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi, mtu amemtisha nayo.

#11 DawaBaridi_Thika

@Kijana_wa_Rongai prednisolone ndiyo, tena sana, hasa miezi ya mwanzo na kwa dozi kubwa. Asiache ghafla, lakini aulize kuhusu DXA na kinga ya mifupa wiki hii hii. Sindano ya miezi mitatu hupunguza uzito wa mifupa wakati mtu anaitumia, na kwa kawaida sehemu kubwa hurudi akiacha. Si sababu ya hofu. Ni sababu ya kuongea na nesi kama ameitumia zaidi ya miaka miwili.

#12 BarafuMombasaRoad

Nimechelewa kuuona uzi huu. Mimi nilijifunza kusimama kwenye barafu pale Panari, Mombasa Road, nikiwa na kundi la hoki, na baadaye nikafanya misimu kadhaa kwenye duka la kukodisha vifaa vya skii Austria. Basi acheni kumcheka mama. Mwaka 1998 kwenye Olimpiki ya baridi kule Nagano, Japani, Philip Boit, mkimbiaji wetu wa mita 800, aliskii kilomita 10 akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri mwishoni amkumbatie. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Na 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, aliteremka kwenye Olimpiki ya Korea Kusini. Theluji si ya watu wengine.

Vifaa. Kishikizo kinachofunga kiatu kwenye ubao ndicho kinachotakiwa kuachia ukianguka. Namba yake inapigwa kwa uzito wako, urefu, umri, urefu wa soli ya kiatu, na aina ya uskii wako. Kwenye jedwali, ukifika 50 unashushwa ngazi moja ili kiachie mapema. Watu wanadanganya dukani! Wanaficha kilo, wanapunguza miaka, wanajiita hodari. Sema ukweli wote na ujiandikishe kwenye daraja la chini, la waangalifu. Lakini usijishushie namba mwenyewe kwa bisibisi. Kishikizo kinachoachia bila sababu katikati ya kona ni anguko jingine.

Na ujue mpaka wake. Vishikizo vilipunguza sana kuvunjika kwa muundi tangu miaka ya 1970. Goti havikulisaidia kwa kiasi hicho. Goti huumia hasa ukiwa umekaa nyuma, nyonga chini ya magoti, mkono umebaki nyuma, na mkia wa ubao wa chini unajizungusha na mguu. Ukijikuta hapo usipigane kuinuka. Leta mikono mbele, miguu pamoja, magoti yabaki yamekunjwa, teleza mpaka usimame wenyewe. Usiuweke mkono chini kujizuia, kwa mifupa yako ni kifundo kingine hicho.

Chukua mbao fupi, laini. Kofia ngumu ni lazima. Matuta na kuruka ufute kabisa, hapo FizioMtaani ameona mbali. Na kuna kitu hakuna anayekisema: kufunga viatu. Unainama, unavuta vifungo vigumu kwa nguvu zote, mgongo umepinda mbele. Kwa uti wa -2.8 hiyo ni hatari kabla hata hujaiona theluji. Weka mguu juu ya benchi, mgongo wima, au mwombe mtu akufungie. Mimi nilikuwa nawafungia watu wazima kila asubuhi na hakuna aliyekufa kwa aibu.

#13 Arusha_Mkazi

Wakuu, nimefurahia uzi. Swali la mtu wa huku: lazima aende Ulaya? Dubai kuna mteremko wa ndani pale Mall of the Emirates, na Lesotho kuna Afriski, juu ya mita 3,000, msimu wao ni Juni hadi Agosti. Si bora ajaribu karibu kwanza, siku mbili, aone goti linasema nini?

#14 BarafuMombasaRoad

@Arusha_Mkazi umenena. Dubai ni mteremko mfupi, wa mita 400 hivi, mwanga haubadiliki, theluji haina mshangao, na hospitali iko karibu. Kwa siku ya kwanza baada ya upasuaji ni pazuri kuliko Alps. Ubaya wake ni watoto na wanaojifunza wanaokatiza mbele, kwa hiyo aende asubuhi katikati ya wiki. Afriski ni mlimani kweli, na ukivunjika safari ya kufika hospitali kubwa ni ndefu.

Urefu wa mlima huenda usimsumbue sana. Sisi tunalala mita 1,800 kila usiku bila kulipa.

#15 Wakili_wa_Bima

Nafupisha. Bima ya viza ya Schengen lazima ifikie yuro 30,000, lakini ile ya bei rahisi ya kupitishia viza mara nyingi haigusi michezo ya baridi. Lazima ununue nyongeza ya skii, na usome kama inalipa uokoaji wa mlimani na helikopta, na kama inakataa nje ya njia zilizopangwa. Tangaza osteoporosisi na plati kwa maandishi. Watakuongezea ada au watakukatalia, na hata kukataliwa ni afadhali ukujulie Nairobi kuliko hospitalini na bili mkononi.

#16 KaruraAlfajiri

FizioMtaani, vipi kunyanyua vyuma? Kila ninayemuuliza ananiambia mtu wa osteoporosisi asinyanyue zaidi ya mfuko wa sukari.

#17 FizioMtaani

Hiyo ya mfuko wa sukari imewadhoofisha wamama wengi. Mfupa hujibu mzigo. Australia walifanya utafiti, LIFTMOR, matokeo yakatoka 2018: wanawake wa zaidi ya miaka 58 wenye mifupa iliyopungua, mara mbili kwa wiki, nusu saa tu, miezi minane, wakinyanyua vyuma vizito kweli na kutua kwa kishindo. Mifupa ya kiuno iliongezeka kwa asilimia 2.9, huku ya kundi la mazoezi mepesi nyumbani ikipungua 1.2.

Kabla hujakimbilia gym: walikuwa wanasimamiwa kila kipindi, idadi ndogo kwa kocha, na walianza taratibu wakijifunza umbo kwanza. Kocha anayekupigia kelele "moja zaidi!" huku mgongo umepinda atakuvunja. Na zile za kukaa na kuinuka tumbo, na kugusa vidole vya miguu, achana nazo kabisa.

Kutembea ni kuzuri kwa moyo na kwa usawa wa mwili. Kwa mgongo wa -2.8 hakutoshi.

#18 TelezaPolepole

Nimerudi baada ya wiki chache na habari, na si zile nilizotaka.

Eksirei ya ubavuni imepigwa. Pingili moja, ya mwisho ya kifua, imebonyea upande wa mbele. Daktari anasema ni ya zamani, haikutokana na lile anguko. Nimekaa nikikumbuka maumivu ya mgongo niliyoyapata mwaka mmoja nikihamisha masanduku, nikameza dawa za maumivu na kuendelea. Nimepimwa urefu, nimepungua zaidi ya sentimita tatu kutoka ule ulio kwenye pasipoti yangu ya zamani. Kumbe gauni halikurefuka.

Mpango wa dawa umebadilika. Kwa kuwa sasa ni mivunjiko miwili, daktari anataka tuanze na ile inayojenga mfupa, teriparatide, sindano ya kujichoma kila siku kwa hadi miaka miwili, kisha ndipo dripu ije kuushikilia mfupa uliojengwa. Bei yake sitaiandika hapa, dada yangu yuko kwenye jukwaa hili. Wamepima pia tezi, kalisi, figo na protini za damu kuhakikisha hakuna ugonjwa mwingine umejificha. Zote ziko sawa.

FizioMtaani, bila wewe ningepanda ndege na pingili iliyobonyea.

#19 MzeeWaNgong

Pole dada. Sitasema nilikwambia, kwa sababu sikukwambia hilo. Mimi niliongelea bafu na vijana wa mbio, aliyeuona mgongo ni kijana wa viungo.

Kesho nampeleka mke wangu kwenye hicho kipimo. Na mimi mwenyewe? Wanaume nasi tunaliwa mifupa?

#20 FizioMtaani

Tunaliwa, mzee wangu. Duniani, baada ya miaka 50, inakadiriwa mwanamume mmoja kati ya watano atavunjika mfupa kwa sababu hii, na wanawake ni mmoja kati ya watatu. Ukiwa umepita sabini nenda naye, mpimwe wote.

#21 KaruraAlfajiri

Na chuma cha goti, wanasema kitolewe?

#22 TelezaPolepole

Nimeuliza. Hakinisumbui, kwa hiyo kinabaki. Kutoa ni upasuaji mwingine, na matundu ya skrubu huacha mfupa dhaifu kwa miezi hadi yazibe. Mwingine akikuambia chake kitolewe kwa sababu kinamchoma akipiga magoti, hiyo ni hesabu yake.

Kuhusu theluji. Mwezi wa pili siendi kuteremka, na sidhani nitateremka tena mpaka DXA ya kurudia, kwa mashine ileile, iseme kitu kingine. Huenda isiseme. Marafiki zangu wa Geneva walipoambiwa walikaa kimya kwenye simu, halafu mmoja akauliza kwa nini nisifanye ile ya tambarare.

@BarafuMombasaRoad unaijua ile? Mbao nyembamba, kisigino kiko huru, unafuata mikondo iliyochongwa kwenye theluji.

#23 BarafuMombasaRoad

Hiyo ndiyo ya Boit! Naijua vizuri. Kasi ni ndogo, hakuna kiatu kigumu, hakuna umati unaokuja kutoka nyuma, na mwili wote unafanya kazi. Usidanganyike kwamba watu hawaanguki. Wanaanguka, hasa kwenye vile viteremko vidogo ambapo kisigino kilicho huru hakikupi breki. Kwenye viteremko vua mbao, shuka kwa miguu pembeni. Hakuna anayekuhesabia. Chukua mbao pana kidogo zenye magamba chini, mikondo tambarare kabisa, na mwalimu siku ya kwanza.

Muulize daktari wako kwanza na pingili yako mkononi. Mimi ni mtu wa duka.

#24 Kijana_wa_Rongai

Mama wa theluji, ukienda tupigie picha. Mamangu amepata tarehe ya DXA. Nimempikia omena mwenyewe, na vichwa vyake. Amekula akiniangalia tu.

#25 TelezaPolepole

@Kijana_wa_Rongai mwambie nimemsalimu sana.

Daktari amesema tambarare tutaizungumza baada ya miezi kadhaa ya sindano, na kama mgongo hauumi na nguvu za paja zimefika pale FizioMtaani anapotaka. Hakucheka safari hii. Kwa sasa natafuta kocha upande wa Lang'ata au Karen ambaye amewahi kufundisha wamama wa osteoporosisi kunyanyua vyuma na hapigi kelele. Anayemjua aniandikie faraghani.

#26 FizioMtaani

Nimekuandikia. Njoo na eksirei zote mbili, ya goti na ya mgongo, na karatasi ya DXA yenye picha, isiwe ile ya namba peke yake. Na uje na kaptula, tutapima mapaja kwa futi kamba.